Maziwa Yaliyokataa Kushuka

Ukimuuliza Kyakimwa anajisikiaje, alikujibu kwa kutaja kiungo. Mgongo, angesema. Au kichwa. Mara nyingi tumbo. Ukimrudia kwa upole, ukitaka kujua kama labda ana huzuni au kuna mtu amemuudhi, alikutazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichouza, kisha akasema tena kwamba ni tumbo tu.

Hakuwa anaficha. Hilo ndilo watu wa kijiji chetu, Kalunguta, walilochelewa kulielewa, na wengine hawajalielewa hadi leo. Tunao wengi wanaojua vizuri kinachowachoma, wakaamua wenyewe kukifungia ndani. Kyakimwa hakuwa na cha kufungia. Akijichungulia moyoni aliona kitu kinasukuma tu, hakina sura wala jina, na baada ya saa moja au mbili kitu hicho kilitokea shingoni, au kwenye ngozi, au chini ya kifua, na hapo akakitambua kuwa ni ugonjwa. Basi akatafuta dawa.

Mama yake alikufa yeye akiwa na miaka tisa. Dada zake walilia mpaka sauti zikawakauka. Yeye alishikwa na homa, akalala siku tatu, akapewa kwinini, akapona malaria ambayo mimi nina mashaka kama iliwahi kumpata. Baba yake hakuwa mtu wa kumfundisha vingine. Sisi watu wa huku tunajisifia kazi, na mzee yule alikuwa bingwa wa majivuno hayo: mtoto akinuna, alimpa jembe, akilia, alimpa jembe na kikapu. Kyakimwa akakua akijua kulima kuliko kusema.

Éphraïm, mtoto wa Mama Kasonia, alikuja kumposa mwaka ule wanajeshi wa vita ya kwanza walipopita kwetu wakielekea Kisangani. Siku alipokuja kuzungumza na baba mtu, Kyakimwa alitokwa na vipele mwili mzima. Akakimbilia kituo cha afya kwa Tamar, muuguzi aliyemfahamu tangu utoto, akamwambia amekula makayabu mabaya, wale samaki wa chumvi. Tamar aliutazama uso ule unaong'aa katikati ya vipele, akamuuliza ni nani amefika nyumbani kwao leo. Dawa ya kuwashwa alimpa, lakini alicheka mpaka wagonjwa wengine wakageuka.

Éphraïm alikuwa mtu wa maneno mengi na macho makali, na baada ya ndoa haikumchukua muda kujua amemuoa mtu wa namna gani. Hakusumbuka kumuuliza yaliyo moyoni. Alikwenda kutazama shamba. Mke wake akilima mistari miwili ya maharagi kabla ya jua kali, siku ilikuwa ya kawaida. Akilima mitano, kuna jambo.

"Leo umelima mpaka ku mupaka ya shamba ya batu," alimwambia siku moja. "Nani alikukosea?"

"Hakuna. Shingo njo inaniluma."

"Asubuhi dada yangu alisema sombe yako iko na maji mingi."

Kyakimwa alisimama na jembe lake, akaifikiria ile mboga yake ya majani ya muhogo. "Alisema."

"Basi ile haiko shingo. Ni hasira."

"Kumbe njo yenyewe?" Na shingo, akisimulia mwenyewe baadaye, ililegea palepale.

Ndivyo walivyoishi. Éphraïm alimsoma, akamtajia alichokiona, naye akakubali au akakataa, na maumivu yakaondoka. Katika miaka mitatu ya ndoa Kyakimwa alikwenda kwa Tamar mara mbili tu, na mara ya pili ilikuwa ni kujifungua. Mtoto alikuwa wa kiume, mnene, wakamwita Abdias, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita mama yake Kyakimwa tena isipokuwa mumewe. Akawa Mama Abdias.

Vita ya kwanza ilipita. Ya pili ilikuja ikakaa. Barabara ya kutoka Butembo kwenda Beni, ambayo Kalunguta iko katikati yake, iliota vizuizi, na kila kizuizi kilikuwa na wenye bunduki wake, na wenye bunduki walibadilika kabla hujazoea sura zao. Lakini watu lazima wale. Éphraïm alikuwa mchuuzi wa papaini. Kule Mutwanga, chini ya milima ya Rwenzori, wakulima huchanja mapapai mabichi kabla jua halijatoka, hukinga ule utomvu mweupe, huukausha, na wafanyabiashara wa Butembo huununua na kuusafirisha ng'ambo. Kila baada ya wiki mbili Éphraïm alipanda pikapu na wenzake, akaenda kuukusanya, akarudi na mifuko. Vidole vyake vilikuwa vimeliwa na ule utomvu mpaka ngozi ikawa laini kama ya mtoto.

Siku ya safari ile, Jumanne, Abdias alikuwa na miezi minne. Wiki iliyotangulia gari lilikuwa limepigwa risasi upande wa Mutwanga, na habari hiyo ilikuwa imezungumzwa nyumbani mwao kama zinavyozungumzwa habari za mvua. Kyakimwa aliamka tumbo limemkaza. Mikono ilikuwa baridi, akaipasha moto jikoni na haikupata joto. Alifunga chakula cha mumewe katika majani ya ndizi, akafungua, akafunga tena. Huko nje pikapu ilianza kupiga honi.

"Uko na nini?" Éphraïm alimuuliza huku akivaa koti.

"Tumbo. Ni ile maharagi ya jana, haikuiva."

Siku nyingine yoyote angesimama amtazame. Siku hiyo honi ilikuwa inamwita, na wenzake walikuwa wanamtania kwa sauti kwamba ameshikwa na mke.

"Kunywa maji ya moto," akasema.

"Enda basi," Kyakimwa akamwambia. "Batakuacha."

Hawakumwacha. Alhamisi mchana, Mathe, kaka yake Mama Kasonia, alikuja na wazee wawili wa kanisa, na wote watatu walikuwa wamevua kofia tangu njiani. Kyakimwa alikuwa uani anaanika mihogo. Kabla ya neno lolote, Mama Kasonia alitoka ndani, akaviona vichwa vile vitupu akaelewa, akamchukua Abdias mgongoni kwa mama yake, akamkabidhi mwanamke mwingine, kisha akamshika mkwewe mabega yote mawili.

"Mama Abdias, utasikia neno mubaya. Lakini hautalia. Umesikia? Machozi ya mama inaingia mu maziwa, na mutoto anakunywa kifo ya baba yake."

Mama Kasonia hakusema hivyo kwa ukatili. Wanawake wa ukoo ule wote waliamini hivyo, na yeye alikuwa na sababu yake mwenyewe. Wakati wa uasi wa Mulele, akiwa bado mke mchanga, alimlilia baba yake huku ananyonyesha mtoto wake wa kwanza, na mtoto akafa katika mwezi uleule. Kwamba mwezi huo walikuwa wamejificha msituni wakila mizizi, hakuna aliyewahi kumkumbusha. Alibaki akijua kwamba alimuua kwa machozi, na kwa miaka thelathini na sita hakutaka mwanamke mwingine aubebe mzigo huo.

Ndipo Mathe akasema. "Bamepiga gari ya kina Éphraïm. Batu bane bamekufa. Éphraïm haiko tena. Bamemuzika kulekule Mutwanga, sababu njia haikuwezekana."

Kyakimwa alisikia kila neno. Alingoja kitu kije. Hakikuja. Tumbo, lililokuwa linamkaza tangu Jumanne, lilikaza kidogo zaidi, basi.

"Nimesikia," akasema. "Niende nipindue mihogo, jua inaisha."

Akaenda, akaipindua mihogo yote, moja moja. Wazee wa kanisa walitazamana. Mmoja wao alisema chini kwa chini kwamba huyu ni mwanamke mwenye nguvu.

Ili kumlinda mtoto, matanga yalihamishwa. Badala ya kukaa nyumbani kwa marehemu, watu walikaa kwa Mathe, ng'ambo ya kijito, mwendo wa dakika kumi. Huko walilia na kuimba nyimbo za kanisa kila alasiri. Kyakimwa aliachwa nyumbani na mtoto wake. Mama Kasonia alikwenda na kurudi, na kila aliporudi uso wake ulikuwa na maji, kwa kuwa alinawa kijitoni kabla ya kuvuka. Wanawake wote walinawa hapo. Walikuja kumsalimu mjane wakiwa na nyuso safi na sauti za kawaida, wakamuuliza habari za mihogo, na upepo ukigeuka yeye aliweza kusikia kutoka ng'ambo jina la mumewe likiimbwa na watu wasiomruhusu kulitaja.

Alitii bila shida. Wala hakulazimika kujizuia, kwa sababu hakukuwa na chochote machoni. Alilima. Ijumaa alilima mistari mitano, Jumamosi saba, na hakukuwa na mtu wa kuja kuitazama mistari ile akamuuliza nani amemkosea. Jumapili mchungaji alimtaja kanisani kama mfano wa imani. Watu waligeuza vichwa kumtafuta. Hakuwepo, alikuwa nyumbani anajaribu kumnyonyesha Abdias.

Maziwa yalikuwa yamegoma tangu Jumamosi. Mtoto alishika ziwa kwa pupa, akavuta, akaachia, akapiga yowe. Akashika tena. Matiti yalikuwa magumu kama viazi vibichi, yanauma hata kuguswa na nguo, lakini hayakutoa zaidi ya matone. Mama Kasonia alimpikia uji wa soya, akamlisha karanga, akamkanda kifua kwa kitambaa cha maji ya moto. Wakajaribu maziwa ya mbuzi. Mtoto akaharisha siku nzima. Wakarudi kwenye maji ya sukari kwa kijiko. Mwanamke mwingine pekee wa kilima kile aliyekuwa ananyonyesha alikwisha kukimbilia Butembo na wanawe kabla ya haya yote.

Jumatatu Tamar alimpima Abdias katika ile suruali ya kitambaa inayoning'inia kwenye mizani. Mwezi uliopita alikuwa na kilo sita na nusu. Sasa alikuwa na sita kasoro kidogo.

"Mupeleke Butembo, kwenye banatunza batoto ba kukonda," alisema Tamar, kisha akajijibu mwenyewe. "Lakini njia imefungwa."

Ilikuwa imefungwa kweli. Tangu Jumapili watu walikuwa wanapigana kwenye kizuizi upande wa Butembo, na upande wa Beni hakuna dereva aliyethubutu. Kati ya pikipiki mbili zilizojaribu, ilirudi moja tu. Asubuhi milio ilisikika mbali, alasiri ilisikika karibu kidogo, na kila mtu alihesabu vilima ambavyo bado vilibaki kati yake na milio hiyo.

Kyakimwa alianza kumtazama mwanawe kwa namna mpya. Alimgusa utosi, akauona umebonyea. Alimfinya mapaja, ngozi iliyolegea ikabaki imejikunja. Usiku hakulala, mchana hakula, na tumbo likamkaza mpaka akawa anatembea ameinama. Mama Kasonia alimwambia avumilie, Mungu anaona, asilie tu. Kila mara hilo la mwisho.

Ijumaa alimpeleka tena kwenye mizani. Kilo tano na nusu. Abdias hakulia hata alipovuliwa nguo, na kutolia kwake kulimtisha Tamar kuliko ile namba.

"Madame Tamar, unipatie dawa ya tumbo," Kyakimwa akasema. "Ile ya kwanza imeisha."

Tamar alinawa mikono, akamkalisha, akamminya matiti taratibu, moja kisha jingine. Yakatoka matone, madogo kuliko ya Jumatatu.

"Maziwa iko," akasema. "Haishuki tu. Mwili yako imeshika mulango. Ikibakia vile siku mbili, tatu tena, itakauka ya kweli. Na huyu hana siku tatu za kungoja."

Kyakimwa alimkumbatia mtoto. "Nifanye nini?"

"Hiyo tumbo ilianza lini?"

"Ile siku Éphraïm alienda."

"Kiisha kusikia habari?"

"Hapana. Asubuhi ile, kabla ya gari kupiga honi. Nilikula maharagi mubaya."

Tamar alikuwa amechoka. Alikuwa amefanya kazi wiki tatu bila mshahara na bila dawa za kutosha, na wagonjwa walikuwa wamejaa mpaka nje. Alimtazama huyu mwanamke aliyemfahamu tangu ana miaka tisa, aliyewahi kumpa kwinini, aliyemuona na vipele vya furaha.

"Leo ni siku kumi na moja," akasema. "Maharagi haiwezi kukaa siku kumi na moja mu tumbo ya mutu."

"Basi ni nini?"

"Mimi sijue. Zamani Éphraïm njo alikuwa anakuambia. Sasa haiko. Itabidi ujiulizie weye mwenyewe."

Hilo ndilo neno lililomfuata Kyakimwa njiani. Alikuwa anatembea haraka, mtoto mgongoni, akipita katikati ya mashamba kwa sababu barabara haikufaa tena, na kichwani hakukuwa na kitu isipokuwa hesabu ya siku mbili, tatu. Abdias alikuwa mwepesi. Kila hatua kadhaa alinyoosha mkono nyuma kumshika mguu ahakikishe una joto.

Mlio wa kwanza ulitoka nyuma ya kilima cha karibu kabisa. Wa pili ulikuja na kishindo kilichotikisa ardhi. Kyakimwa alijitupa katika shamba la mihogo, akamvuta mtoto kutoka mgongoni akamweka chini ya kifua chake, akabaki amelala kwa viwiko, uso kwenye udongo. Watu walikuwa wanakimbia kwenye kijia. Mtu alikuwa anaita jina la mtoto wake, anaita, anaita. Kyakimwa aliona mikono yake imekuwa baridi. Tumbo lilijifunga fundo, pale pale chini ya kifua, na mate yakakauka mdomoni.

Alilijua fundo lile. Lilikuwa ni lile la Jumanne. Lilikuwa mahali palepale, na mikono ilikuwa na baridi ileile ambayo moto wa jikoni haukuiondoa. Lakini leo hakuwa amekula maharagi. Leo hakuwa amekula kitu chochote, na risasi zilikuwa juu ya kichwa chake, na hata mbuzi angejua hiki ni nini.

"Ni woga," akasema kwa sauti, mdomo kwenye udongo. "Niko naogopa."

Hakuna aliyemtajia. Alilitaja mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani, naye akashangaa kidogo jinsi lilivyo neno dogo. Lakini nyuma ya neno hilo lilikuja jingine, na hilo halikuwa dogo. Kama hiki ni woga, basi Jumanne ile pia ulikuwa woga. Alikuwa amejua. Mwili wake wote ulikuwa umejua, ulikuwa umempigia kelele tangu alfajiri, naye akausingizia maharagi, akamfungia mumewe chakula, akamwambia enda, batakuacha.

Milio ilipohamia upande mwingine aliinuka. Joto lilimpanda shingoni, akajua hili nalo lina jina, ila hakulipata. Mbele yake njia iligawanyika: kushoto nyumbani, kulia kijitoni na ng'ambo kwa Mathe, ambako hakuwa ameruhusiwa kukanyaga. Aliogopa kwenda huko kuliko alivyoziogopa risasi. Wangemwambia nini mwanamke aliyemsukuma mumewe garini? Mama wa marehemu angemtazama vipi? Lakini alimgusa Abdias mguu, na mguu ulikuwa na joto kidogo mno. Akakata kulia.

Kwa Mathe watu walikuwa wamelala kifudifudi ndani na nyuma ya nyumba, na sasa walikuwa wanaanza kutoka, wakikung'uta nguo. Mama Kasonia alimuona wa kwanza. Alikuja mbio, kitambaa cha kichwa kimemwanguka, kichwa chake kimenyolewa kwa ajili ya mwanawe.

"Mama Abdias, hapana huku. Rudia nyumbani. Hapa banalia, rudia."

"Mama, nataka kusema."

"Utasema kiisha. Mutoto atasikia."

"Mama, asubuhi ile nilikuwa naogopa." Sauti yake ilikuwa ya ajabu, nyembamba, watu wakanyamaza waisikie. "Tumbo ilikuwa inanishika, mikono ilikuwa baridi. Ilikuwa woga. Mimi sikujua. Nilisema ni maharagi. Éphraïm aliniuliza uko na nini, nikamuambia maharagi. Nikamuambia enda."

Mathe alifumba macho. Kyakimwa alimtazama mama mkwe wake usoni, akingoja hukumu, na huku anangoja lile joto la shingoni likapanda mpaka masikioni, na sasa akalipata jina.

"Na niko na hasira," akasema. "Hasira na Éphraïm. Alijua kunisoma. Siku zote alinisoma, ile siku moja hakunisoma. Alivaa koti, akasema kunywa maji ya moto, akaenda. Juu ya nini alienda, Mama? Juu ya nini aliniacha bila kunisoma?"

Kisha machozi yakaja. Hayakuja kwa heshima, kama yale ya wanawake wa kanisa. Yalikuja na kamasi na sauti ya ng'ombe, akakaa chini uani palepale na mtoto mapajani. Mama Kasonia akapiga magoti mbele yake, mikono ameitanguliza.

"Leta mutoto. Mama Abdias, leta mutoto, utamuua."

Kyakimwa hakumpa. Hakukataa kwa ubishi; hakuwa amesikia. Abdias, aliyekuwa amelegea tangu asubuhi, alikuwa ameshtushwa na ile sauti, akageuza uso kifuani kwa mama yake, akatafuta. Kyakimwa alifungua nguo kwa mazoea tu, analia, machozi yanamdondokea mtoto shavuni. Mama Kasonia alimshika Abdias kiunoni ili amwondoe.

Hapo Kyakimwa alihisi kitu kinachoma, kinashuka, pande zote mbili kwa pamoja. Upande ule ambao mtoto hakuushika, nguo ikalowa doa, doa likatanuka. Na upande wa pili Abdias alikohoa, akapaliwa, akarudi, akaanza kumeza.

Mama Kasonia aliusikia ule mmezo. Mikono yake ilikuwa bado kiunoni kwa mtoto, akausikia pia kwa vidole, mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine. Alimtazama mkwewe usoni, penye machozi, akaitazama ile nguo iliyolowa, akarudi kwenye machozi. Wanawake waliokuwa wamesimama nyuma walingoja aseme, kwa kuwa yeye ndiye aliyeweka ile sheria. Midomo yake ilikuwa inatikisika kama ya mtu anayemwita mtoto wa zamani sana.

Kisha akaiondoa mikono yake.

"Lia," akasema. "Lia, Mama Abdias. Lia, mutoto akule."

Naye akaketi chini kwenye udongo, bega kwa bega na mkwewe, mbele ya watu wote.